Familia ya Kisauni baada ya kijana wao kujiua: uchambuzi wa kisa

Nyumba iko Kisauni, upande wa Mtopanga. Baba ni karani wa mizigo katika bandari ya Kilindini na hufanya kazi kwa zamu. Mama huuza mahamri na mbaazi asubuhi mbele ya nyumba. Nyanya, mzaa baba, anaishi nao. Watoto walikuwa watatu: kijana wa miaka 16 aliyekuwa kidato cha tatu, msichana wa 13, na mvulana wa 7. Yule mkubwa alijiua nyumbani siku ya Jumatano, mwanzoni mwa likizo ya Agosti.

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia katika nyumba nyingi, na hakuna mtu mmoja anayeelezwa humu. Namna kijana alivyojiua haitajwi, kwa sababu ile ile ambayo haikufaa kutajwa matangani: kijana mwingine aliye katika dhiki huchukua funzo baya kutoka kwenye maelezo hayo.

Miezi mitatu kabla, alama zake zilishuka, akaacha mpira, akawa hapati usingizi hadi karibu na Alfajiri. Alimpa rafiki yake njumu zake na kusema hazitaki tena. Kila jambo lilionekana na mtu tofauti, na hakuna aliyeyaona yote kwa pamoja. Hili lieleweke kabla ya kusoma yanayofuata, maana wazazi huhukumiwa kana kwamba walikuwa na picha nzima mikononi mwao.

Siku ya kwanza

Aliyemkuta ni mama. Majirani walipokuja mbio, mzee mmoja alishauri mwili uoshwe na kuzikwa kabla ya Alasiri ili jambo lisivume. Ami wa watoto alikataa, na alikuwa sahihi. Kwa sheria ya Kenya kifo cha namna hii lazima kiripotiwe polisi. Kifungu cha 386 cha Sheria ya Utaratibu wa Makosa ya Jinai kinamtaka mkuu wa kituo achunguze na kupeleka ripoti kwa hakimu. Familia ikizika kwanza, msiba unageuka kesi. Maswali huanza kuhusu nani ameficha nini, na mahakama ina uwezo wa kuamuru kaburi lifukuliwe.

Ami alifunga mlango wa chumba na kuacha kila kitu kilivyokuwa, kisha akapiga simu kituoni. Taarifa ilipoandikwa aliomba nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, akaiandika pamoja na jina la afisa. Polisi walipochukua simu ya kijana na karatasi aliyoiacha, aliomba viorodheshwe. Bila nambari hiyo, mzazi anayekwenda kudai simu ya mwanawe miezi kadhaa baadaye huzungushwa kutoka meza hii hadi ile. Kuhusu karatasi, aliomba ruhusa ya kuipiga picha. Aliisoma yeye na baba. Mama aliisoma siku ya nne, kwa kutaka mwenyewe, dada yake akiwa kando yake. Haikutumwa kwa mtu mwingine yeyote. Karatasi ya aina hii huandikwa na mtu ambaye maumivu yamembana hadi haoni pembeni. Sentensi moja ndani yake inayomlaumu mzazi isisomwe kama hukumu.

Mwili ulipelekwa mochari ya Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara. Upasuaji wa uchunguzi ulifanywa asubuhi iliyofuata, kibali cha mazishi kikatolewa, na mazishi yakawa Alhamisi kabla ya Magharibi. Kuchelewa huko kulimuuma sana nyanya. Kilichowashikilia ni mgawanyo wa kazi: mwanamume mmoja wa kushughulikia makaratasi peke yake, mwingine wa kukaa na baba asimwache hata dakika, na halati wa watoto kukaa na mama. Halati huyo huyo alikusanya dawa zote na kemikali za nyumbani usiku ule, akazipeleka kwake. Watu wa karibu wa aliyejiua nao wako katika hatari kubwa zaidi ya kujiua kuliko wafiwa wengine, na wazazi wasionewe haya katika hilo.

Mama alitaka kumwona mwanawe. Wanaume walimzuia kwa nia njema. Halati aliingia kwanza, akamtazama, akarudi na kumweleza mama waziwazi atakachokiona, kisha akamuuliza kama bado anataka, na kama anataka kuona uso au kumshika mkono tu. Mama alichagua mkono. Mzazi anayezuiwa huja kuona picha mbaya zaidi kichwani mwake kwa miaka; anayelazimishwa huumia vilevile. Kinachofaa ni kumwambia ukweli wa atakachokuta, halafu achague.

Malaria

Matangani nyanya alisema ni malaria iliyopanda kichwani. Alisema kwa mapenzi: aliogopa mjukuu asiswaliwe, aliogopa jina la ukoo, aliogopa posa za msichana siku zijazo. Wengine wakafuata. Watu wakawa wanakuja kuhani, wanasema makiwa, wanaambiwa homa ya ghafla, na wengi wao tayari wanajua.

Hapa ndipo familia ilipoumia mara ya pili, na kwa maoni yetu ndipo sehemu kubwa ya maumivu yanayoweza kuepukika hutokea. Uongo huu hauwezi kutunzwa. Siku ya sita msichana alishika simu ya binamu yake akakuta wanafunzi wa darasa la kaka yake wakieleza kila kitu kwenye kundi la WhatsApp, pamoja na namna. Akajua mambo mawili kwa mpigo: kaka yake alivyokufa, na kwamba watu wazima wote nyumbani walimdanganya. Hakulia. Aliacha kuongea na mama yake.

Kwa mvulana wa miaka 7 madhara yalikuja kwa njia nyingine. Alipopata homa kidogo na mafua, alikataa kulala, akakaa ameshika kanga ya mama hadi usiku wa manane. Kwake yeye malaria ni kitu kinachomchukua kijana mzima kwa siku moja bila onyo. Mama mwenyewe hakuweza kulia kilio chake cha kweli. Kila mwanamke aliyeketi naye mkekani alimwambia habari za neti na madaktari wazembe, naye akawa anaitikia.

Siku ya tisa, baada ya Isha, ami alikusanya watu wazima wa nyumba. Hawakujadili sababu ya kifo. Walijadili maneno. Baada ya muda mrefu walikubaliana hivi: "Alikuwa na maumivu makubwa ambayo hatukuyajua yote, akajiua. Tunamwombea Mungu amrehemu. Namna ilivyokuwa hatuizungumzi." Ni sentensi tatu, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza inasema kweli bila kutaja sababu moja, kwa kuwa kujiua hakuletwi na jambo moja, si alama za mtihani wala ugomvi wa jana yake. Ya pili inamrudisha marehemu katika dua za watu. Ya tatu inafunga mlango wa udadisi. Baba angeyasema kwa wanaume, halati kwa wanawake, mama kwa watoto. Nyanya alikataa kuyatamka na hakulazimishwa. Aliombwa tu asirudie habari ya malaria.

Mvulana aliambiwa na mama, mchana, mahali alipozoea kuchezea: "Tulikwambia kaka alikufa kwa malaria. Haikuwa kweli, na tumekosea. Alikuwa na ugonjwa wa huzuni kali sana, akili yake ikashindwa kuona njia, akaumiza mwili wake mpaka akafa. Hukufanya kitu chochote kilicholeta hilo. Huzuni ya kawaida haiui mtu, na homa yako ina dawa." Aliuliza kama kaka ana njaa kaburini, kisha akaenda kucheza. Alirudia swali lile lile mara nyingi wiki zilizofuata na alipaswa kujibiwa kwa maneno yale yale. Mtoto wa umri huo asiambiwe kaka amelala au amesafiri, maana ataogopa kulala, au atangoja.

Msikitini, na habari ya majini

Hofu ya nyanya kuhusu sala ya jeneza ilijibiwa na imamu siku ya mazishi, tena kwa ufupi. Imo hadithi katika Sahih Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) hakumswalia yeye mwenyewe mtu aliyejiua. Lakini wanachuoni wengi, akiwemo Imamu Shafii ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na wengi Pwani, wamesema Muislamu huyo huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa na kuzikwa pamoja na Waislamu wenzake. Katika Sahih Muslim humo humo imo habari ya mtu mmoja, mwenzi wa Tufayl bin Amr, aliyekufa kwa kujidhuru na Mtume akamwombea maghfira. Imamu pia alikumbusha kwamba kalamu huinuliwa kwa asiye na akili timamu, yaani haandikiwi dhambi, na kwamba hakuna binadamu anayejua hali ya moyo wa kijana yule saa ile.

Familia ya Kikatoliki mtaani hukutana na hofu iyo hiyo, na jibu la Kanisa liko wazi vilevile: Katekisimu, kifungu cha 2282 na 2283, inasema dhiki kubwa ya nafsi hupunguza uwajibikaji wa mtu, na kwamba tusikate tamaa kuhusu wokovu wa waliojiua. Ushauri wetu ni huu: mwendeeni imamu au padri kabla ya mazishi, mmuulize atasema nini mbele ya watu. Maneno ya motoni yakishatamkwa mbele ya mama, hayafutiki.

Nyanya alikuwa na neno jingine. Aliamini kijana alichezewa, na alimtaja jirani. Hili lilishughulikiwa kwa uangalifu kuliko jambo lolote jingine. Ami hakubishana na imani yake. Alimwambia, "Mama, kisomo tutafanya, Yasin tutasoma, lakini jina la mtu lisitajwe nje ya chumba hiki, na pesa za mganga hazitoki." Kisomo kilifanywa nyumbani jioni tatu. Kama jina la jirani lingetoka, familia ingekuwa na msiba na uadui kwa pamoja, na wale watoto wawili wangekua wakiamini kwamba kuna mtu hatua chache kutoka mlangoni anayeweza kuwaua.

Kuhusu gharama: siku ya tatu walishauriwa wachinje na wapike pilau ya watu wote. Mama hakuwa ameuza mahamri tangu Jumatano. Mtume aliposema watu wa Jaafar, binamu yake aliyeuawa vitani, wapikiwe chakula kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha, alikuwa akiwaambia watu wengine, si wafiwa. Majirani walipika. Deni la matanga ni mzigo ambao baba huubeba kwa zamu za ziada, akakosekana nyumbani wakati anahitajiwa zaidi.

Msichana wa miaka 13

Tunakaa hapa zaidi kwa sababu ndugu aliyebaki husahaulika. Watu wote huuliza "mama anaendeleaje?" na mtoto huambiwa awe hodari amsaidie mama yake. Msichana huyu alifanya hivyo hasa: alipika, alifua, alimwogesha mdogo wake. Walimu wa gredi ya 7 wakamsifu. Utulivu ule ulipaswa kuwatia wasiwasi.

Mama alianza kwa kuomba radhi kwa uongo wa malaria, bila kujitetea. Baadaye msichana alisema jambo alilolibeba: usiku wa kuamkia Jumatano kaka yake alimwomba chaja, naye akamkatalia. Karibu kila ndugu aliyebaki ana chaja yake. Kumwambia "usifikirie hivyo" hakusaidii. Mama alimwacha aeleze mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba ndugu hukataliana chaja kila siku katika kila nyumba, na kwamba maumivu ya kaka yake yalianza miezi mingi kabla ya usiku huo.

Wiki ya tano halati alimuuliza moja kwa moja: "Je, wewe nawe umewahi kufikiria kujiua?" Wazazi wengi huogopa swali hili wakidhani litampa mtoto wazo. Halimpi. Linampa ruhusa ya kusema. Aulizwe na mtu anayemwamini, mahali pa faragha, kwa neno lenyewe na si kwa kuzungukazunguka, na muulizaji anyamaze asubiri. Msichana alijibu kwamba wakati mwingine hutamani kulala asiamke.

Hapo zilifuata hatua bila kelele. Hakuachwa peke yake. Alihamia kulala chumba kimoja na nyanya. Dawa zilibaki kwa halati. Kesho yake alipelekwa Hospitali ya Port Reitz, ambako kuna kitengo cha afya ya akili. Kutoka Kisauni ni matatu mbili, ya kwanza kuvuka Daraja la Nyali hadi mjini. Kama angesema ana mpango au ameshajaribu, asingengoja kesho: angepelekwa usiku huo huo idara ya dharura, Makadara. Simu za bila malipo zilibandikwa ndani ya mlango wa kabati: 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu Kenya na 116 ya watoto.

Baba alisita kuhusu hospitali. Aliogopa polisi wataitwa na binti yake ashtakiwe. Hofu hiyo ilikuwa na msingi zamani: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la kifungo cha hadi miaka 2. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Na hata kabla ya hapo, kuwaza tu hakukuwa kosa. Mtoto anayesema anataka kufa ni mgonjwa anayehitaji daktari.

Shule ya marehemu nayo ilihitaji kusemwa. Naibu mwalimu mkuu alipanga paredi maalumu yenye picha kubwa na mashairi. Mwalimu wa ushauri nasaha, akiungwa mkono na ami, aliomba mambo mengine: wanafunzi waambiwe darasa kwa darasa, kila mwalimu akisoma maneno yale yale mafupi, namna isitajwe, kijana asifanywe shujaa wala mfano wa kuogofya. Orodha ikaandikwa ya wanafunzi wa kuangaliwa kwa karibu: aliyepewa njumu, aliyepokea ujumbe wa mwisho, na yeyote aliyewahi kujidhuru. Yule wa njumu ndiye aliyekuwa hoi kuliko wote. Alidhani alipaswa kuelewa.

Baba na mama

Baba alirudi kazini siku ya kumi na mbili. Mama alimwona hana moyo. Yeye alimwona mama anajizamisha. Watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa hupishana kati ya kuukabili msiba na kushughulika na maisha yanayoendelea, na kupishana huko ndiko kunakomponya. Wawili hawa walikuwa kila mmoja ameshika upande mmoja. Walichokubaliana ni kidogo sana: kila Ijumaa baada ya Asri, nusu saa barazani, kila mmoja azungumze juu ya mwana wao au akae kimya, bila kusahihishwa. Siku nyingine, mmoja akisema "si leo," mwenzake anaheshimu.

Mama alikuwa na "laiti" zisizokwisha. Mshauri alimwandikisha karatasi yenye safu mbili: niliyojua siku ile, na ninayojua leo. Njumu ziliingia safu ya pili. Yeye hakuwahi kusikia habari zake kabla ya mazishi. Zoezi hili halifuti hatia yote, na si lazima lifute. Linaitenganisha ile ya kweli na ile ya kubuni.

Jirani alimletea diazepamu ya kulalia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, linasema dawa za kundi hilo zisitolewe kwa mfiwa asiye na ugonjwa wa akili, awe mtu mzima au mtoto. Huzoewa haraka, na nyumba hii haikufaa kuwa na akiba ya vidonge. Mwongozo huo huo hautaki kila mfiwa apelekwe kwenye tiba ya kisaikolojia. Wengi hubebwa na ndugu na wakati. Lakini mwezi wa nane baada ya msiba mama alikuwa bado hapiki, hatoki, na hataki kusikia jina la kijana likitajwa. Huzuni kali isiyolegea baada ya miezi sita, inayomzuia mtu kuishi siku yake, inatambuliwa na Shirika hilo kama ugonjwa wenye tiba. Alianza kliniki Port Reitz, na mwezi wa kumi na moja meza ya mahamri ilirudi mbele ya nyumba, siku tatu kwa wiki.

Mwaka wa pili

Chumba hakikuguswa mpaka baada ya arobaini, na hakikuachwa kufungwa kwa miaka pia. Vitu viligawanywa mafungu matatu: vya kubaki, vya kutoa, na vya kuamuliwa baadaye. Fungu la tatu lilikuwa kubwa kuliko mengine na hakuna aliyeharakishwa. Msichana alichukua jezi. Simu iliporudi kutoka polisi ilizimwa na kuwekwa kwa ami. Kusoma ujumbe wa mtoto usiku, peke yako, ni njia ya kurudi siku ya kwanza.

Siku ngumu ziliandikwa kwenye kalenda ya ukutani: siku yake ya kuzaliwa, Idd, mwanzo wa likizo ya Agosti. Wiki moja kabla ya kila moja wanakubaliana nani atakuwa nyumbani, nini kitafanywa, na nani aarifiwe. Matokeo ya KCSE ya darasa lake ndiyo waliyoyasahau, na mtaa mzima ulikuwa ukipongezana siku ile. Sasa yameandikwa.

Tarehe moja ya mbele imewekewa duara jekundu: siku msichana atakapofika umri ambao kaka yake alifariki. Ndugu waliobaki mara nyingi hutikisika hapo, hata walioonekana wamepona, kwa kuwa kila siku baada ya hiyo ni umri ambao mkubwa wao hakuufikia. Halati ameahidi kuwa naye wiki ile, miadi ya kliniki imeombwa mapema, mwalimu wake wa ushauri ameshaambiwa, na swali lile la moja kwa moja ataulizwa tena, kwa maneno yale yale.